Mwaka Mboga za Cucu Zilikataa

Kabla mtu mwingine akwambie, wacha nikwambie mwenyewe: kwa hii stori mjinga ni mimi. Ukifika katikati utaanza kutafuta mtu mwingine wa kulaumu. Usijisumbue. Mimi nilimtafuta miezi miwili mizima, nikampata, na hapo ndipo ujinga yangu ilikomaa.

Cucu, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa na shamba huko Waithaka nyuma ya nyumba. Ukisema shamba mtu anafikiria ekari. Hiyo ilikuwa kipande unaweza kurusha jiwe na mkono wa kushoto kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mbele alikuwa amejenga vyumba vinne vya mabati vya kupangisha, nyuma akabakisha mchanga wake, na hapo alikuwa anapanda sukuma, spinachi, dania, na laini moja ya managu. Mboga za Cucu zilikuwa na jina. Wamama walikuwa wanapita za sokoni wanakuja kugonga geti. Na hakuwa anatumia kisu. Alikuwa anavunja jani la chini na kidole gumba, moja moja, huku akiongeleshana na mmea vile mtu anaongelesha ng'ombe akimkamua.

Halafu akaanguka. Hakuanguka mahali pa maana, ni hapo tu kwa ngazi ya choo, lakini mfupa wa paja ukaenda. Akalazwa kwa hospitali kubwa upande wa Upper Hill, mguu umevutwa na kamba, uzito unaning'inia mwisho wa kitanda kama mizani ya mtu wa nyama. Daktari akasema hiyo ni mambo ya wiki nyingi.

Siku ya kwanza nilienda kumwona, kabla hata sijauliza mguu unasemaje, akaniambia shamba ni yangu mpaka arudi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane nikaishia hapo, na kazi yangu ilikuwa kununua raba za mitumba, vile viatu vya michezo, kuziosha zikae mpya, na kuzitembeza town. Mambo ya mboga nilikuwa najua upande wa sahani peke yake. Lakini mtu akikuachia kitu akiwa amefungwa kamba hivyo, utasema nini? Nikamwambia asijali, atapata sukuma zimepanga laini zinamsalimia kama askari.

Hakucheka. Alinishika kidole akaniambia, "Nikirudi nyumbani sitaki pole ya mtu. Nataka nipate mboga."

Sasa vile nilikuwa naosha raba. Nilikuwa na karai kubwa. Unaweka maji moto, sabuni ya unga, na magadi. Magadi ni ile chumvi ya jiwe inauzwanga dukani imefungwa kwa karatasi. Nyumbani tunaweka kidogo kwa sufuria ya managu ama ya maharagwe, ndio ziive haraka zilainike. Kwa raba nayo inang'oa uchafu mpaka ule umetoka na ng'ambo. Nilikuwa naweka ngumi mbili kwa karai moja, na kwa siku mzuri nilikuwa namaliza karai tano.

Na maji ya Waithaka haikuwa ya mchezo. Ulikuwa unabeba mitungi kutoka bomba ya barabarani, mkono unavutika mpaka unaona kama utafika goti. Kumwaga karai tano za maji kila siku niliona ni dhambi. Kwa hivyo nikashika jembe nikachimba mfereji mdogo kutoka mahali nilikuwa naoshea mpaka katikati ya mboga. Raba inaoga, mboga inakunywa. Nilisimama pale nikajipiga kifua, nikajiambia injinia amepotea kwa hii familia. Ile magadi haikunisumbua akili hata kidogo. Magadi na mboga si wanakutananga kila siku kwa sufuria? Kwa kichwa yangu hao walikuwa marafiki wa zamani.

Wiki ya kwanza mboga zilinyamaza tu. Ya pili, dania ikaanza kuungua kwa ncha, kama karatasi umepitisha juu ya jiko. Spinachi ikageuka njano kutoka kwa kingo ikienda ndani. Sukuma ilikuwa ngumu, hiyo haikufa, lakini ilikunja majani ikakataa kuongezeka, ikabaki kimo cha mtoto wa nasari. Managu ilikufa bila kuaga.

Nikaanza kutafuta dawa. Nilianza na wadudu, juu kila mtu anaanzanga na wadudu. Nikageuza jani moja moja na sikuona mdudu hata wa kusingizia. Lakini mwanaume mmoja kwa bomba aliniambia wengine hawaonekani, kwa hivyo nikakoroga pilipili na sabuni nikanyunyizia shamba yote. Nililia machozi siku mbili. Mboga hazikulia, ziliendelea tu kukufa. Halafu nikaambiwa majivu. Nikamwaga majivu ya jiko la Cucu mpaka shamba ikafanana na mahali pamechomwa takataka. Ikawa mbaya zaidi. Nikaambiwa mbolea ya kuku. Nikaleta gunia, na juu sikujua mbolea inafaa ikae kwanza ioze, nikaiweka ikiwa mbichi, na wapangaji wote wanne wakafunga madirisha wiki nzima. Mwishowe nikaamua ni kiu. Nikaongeza maji. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, raba zilikuwa zinatoka sana, kwa hivyo maji ya kuongeza nilikuwa nayo mingi. Unaona vile nilikuwa mkarimu.

Kila Jumamosi nilikuwa naenda hospitali, na kila Jumamosi Cucu alikuwa anauliza shamba kabla ya kuuliza watu. Nikamwambia iko sawa. Wiki iliyofuata nikamwambia iko sawa sana. Ya tatu akasema nimletee jani moja tu la sukuma alione. Hapo nikashtuka, lakini kulikuwa na laini moja ilikuwa mzima. Ilikuwa ile ya mwisho kabisa, imeegemea ukuta wa chumba cha nne. Hapo mchanga ulikuwa umeinuka kidogo, na mboga zilikuwa kijani mpaka nyeusi, majani mapana kama sinia. Nikavunja jani moja nikampelekea. Aliligeuza, akalinusa, akaliweka chini ya mto kama barua. Mimi nikaangalia dirisha. Kutoka hapo unaona maghorofa ya benki, vioo vitupu, na niliangalia hivyo vioo kama ni mimi nitavipanguza.

Chumba cha nne ndipo stori iko.

Kulikuwa kunakaa mama mmoja kutoka Pwani, na binti zake wawili wa shule. Bwana yake alikuwa dereva wa lori za masafa, anaonekana kama mvua ya Januari. Huyo mama alikuwa anapika mahamri. Sisi kwetu tunasema mandazi, lakini hizo za kwake zilikuwa na iliki na tui la nazi, zimefura ndani hakuna kitu, hewa na utamu peke yake. Alfajiri alikuwa anaweka beseni kwa geti amefunika na leso, na kila mtu wa kazi anayepita kwenda stegi ya matatu anachukua mbili, tatu. Kabla jua lishike mabati, beseni imeisha. Hiyo ndiyo ilikuwa inalipa chumba na shule. Hakukuwa na ingine.

Kitu kingine nilikuwa najua, na siwezi kusema sikujua: kila Jumanne, akishauza, alikuwa anajifunga buibui yake anaenda kumwona Cucu na chupa ya uji. Hakuna mtu alikuwa amemtuma.

Asubuhi moja ya jua nikatoka nje nikapata mchanga umefanya kitu cheupe juu, kama unga umepeperushwa. Mahali pote mboga zilikuwa mbaya, hapo ndipo kitu cheupe kilikuwa. Kwa ile laini ya ukutani hakukuwa na kitu. Nikachuchumaa hapo nikiangalia. Mtu mwenye akili angefuata na macho vile huo weupe ulikuwa umeandama mfereji yangu kutoka kwa karai mpaka mwisho, kama barabara imechorwa. Mimi niliangalia upande ule mwingine. Niliona mboga nzuri ziko kwa ukuta wa nani.

Halafu nikabeba mtungi nikaenda bomba.

Lazima ujue kwa bomba mimi nilikuwa nani. Foleni ya maji inachosha, na mimi ndiye nilikuwa naiharakisha. Nilikuwa naiga pasta, naiga chifu, naiga vile kila mama anatembea akiwa na mtungi. Wamama walikuwa wakiniona nakuja wanaanza kucheka hata sijafungua mdomo. Siku hiyo wakaniuliza mboga za Cucu zinaendeleaje, juu walikuwa wamechoka kula za sokoni. Na mimi badala ya kusema mboga zimenishinda, nikatengeneza kicheko. Nikasimama juu ya mtungi yangu nikawaambia wasinilaumu, mimi napigana na jeshi. Nikasema yule mama wa chumba cha nne amekuja na majini yake kutoka Mombasa, na majini ya Pwani hayali ugali, yanataka mboga. Nikasema usiku yanabeba sukuma zetu moja moja yanapeleka ukutani kwake, na asubuhi yanasahau unga yalikuwa yanapikia. "Kama mnabisha," nikasema, "kujeni muone huo unga."

Walicheka mpaka mmoja akaacha mtungi ukafurika. Nilienda nyumbani nimejaa sifa.

Shida ni kwamba wawili walikuja kweli kuona. Hao hawakuwa wanacheka. Wakaangalia kitu cheupe, wakaangalia laini ya ukutani, wakaangaliana. Mmoja akachora msalaba kwa kifua. Nikataka kuwaambia ni utani, lakini walikuwa wananiangalia vizuri sana, vile mtu anaangalia mtu amegundua kitu. Nikanyamaza. Nilinyamaza kama dakika moja hivi, na hiyo dakika ndiyo imenikalia mpaka leo.

Baada ya siku tatu beseni ya mahamri ikafika saa tatu bado iko nusu. Wiki iliyofuata ikafika saa nne. Watu walikuwa wanapita geti wakiangalia saa, hata wale hawana saa. Binti yake mdogo akarudi kutoka shule akiuliza jini ni nini. Nilisikia hiyo swali kupitia mabati nikiwa nasugua raba, na nikasugua kwa nguvu nisisikie jibu.

Siku moja akaja mahali nilikuwa naoshea. Alikuwa ameleta mahamri zilizobaki, akaweka kwa kiti. Akasimama kidogo akiangalia mfereji. Halafu akaniuliza, na hakuwa ananitega, alikuwa anauliza kweli, juu mimi nilikuwa najulikana najua habari zote za mtaa.

"Mwanangu, mbona watu hawaji tena? Mahamri yangu yamebadilika?"

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Nilikuwa naweza kuingia. Nikamwambia ni tarehe mbaya mama, watu hawana kitu, mshahara ukiingia watarudi. Akaniambia asante kwa kumtuliza moyo. Hiyo asante, maze.

Shamba nayo ilikuwa inaendelea kukauka. Nikaamua nipeleke kesi kwa mtu wa sayansi. Kule River Road, kati ya maduka ya vyuma na ya kupiga chapa, kulikuwa na duka moja ya mbegu na dawa za shamba, imebanwa hivi hata jina lake lilikuwa limeandikwa wima. Nilifunga mchanga kwa karatasi ya nailoni, nikaweka majani matatu ya sukuma na dania moja marehemu, nikatembea nayo pamoja na raba zangu. Mwenye duka alikuwa mzee mfupi, amevaa koti ya mvua na hakuna mvua. Nikampa maelezo yote, isipokuwa majini. Mbele yake nikaona aibu kuyataja, na hiyo peke yake ingeniambia kitu.

Hakuuliza mengi. Alimwaga mchanga kwa gazeti, akachagua kipande cha ile kitu cheupe na ukucha, na akaweka kwa ulimi. Nilirudi nyuma hatua moja, nakwambia ukweli. Ile uongo yangu mwenyewe ilikuwa imeniingia kiasi hicho, kwamba niliona mzee wa watu ameramba unga wa majini na sasa ataanguka hapo hapo.

Akatema kando. Akafuta mdomo.

"Hii ni magadi," akasema. "Nani anaoshea nguo kwa shamba yako?"

Nikamwambia hakuna mtu anaosha nguo. Mimi huosha raba tu.

"Na maji unapeleka wapi?"

Nilikuwa naona mfereji yangu kwa kichwa, kutoka kwa karai mpaka kwa mboga, nyeupe pembeni na pembeni. Naona laini ya ukutani, vile iko juu, vile maji yangu haikuweza kupanda kufika hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa uchawi wote wa yule mama: mimi sikuwa nimefikia mboga za upande wake.

Mzee akajibu mwenyewe. "Kijana, mboga inawekewa magadi ikiwa imeshakufa. Ikiwa hai inataka maji."

Akaniambia nitoe huo mchanga wa juu wenye weupe nitupe mbali, nifukie mfereji, nimwagie maji safi mingi mara nyingi mpaka chumvi ishuke chini, nichanganye mbolea ya ng'ombe iliyooza, na nisipande kitu mpaka nione magugu yameota yenyewe, juu magugu ndiyo hutangulia. Akasema majivu niliyoweka yalikuwa kama kumwongezea mtu chumvi kwa kidonda. Hakunicheka hata kidogo. Afadhali angecheka.

Nilitoka hapo nikakaa kwa ngazi ya duka ya wengine mpaka wakanifukuza. Jambo la magadi nilikuwa naweza kulimeza. Mtu akiharibu mboga anapanda zingine. Lakini nilikuwa najua kwamba jioni hiyo, huko Waithaka, kuna beseni imerudishwa ndani ikiwa nusu, na aliyeirudisha bado anajiuliza kama ni iliki ilizidi.

Nilienda moja kwa moja kwa chumba cha nne. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, juu sikuwa na uso wa kukaa. Nilimwambia magadi, nikamwambia bomba, nikamwambia majini, hata ile ya unga wa kupikia nikamwambia. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Haya." Nikangoja atukane, hakutukana. Halafu akasema kama nina maneno, niende nikayaseme bombani, si kwake. Yeye hakuwa bombani siku hiyo.

Alikuwa na haki. Asubuhi nikaenda bila hata mtungi. Nikasimama mahali pale pale. Nikawaambia wamama kwamba nilidanganya, kwamba hakuna jini, kwamba mboga za Cucu ziliuliwa na mimi na maji ya raba.

Wakacheka.

Nikawaambia si mchezo, ni magadi, mzee wa duka ameramba. Wakacheka zaidi, mmoja akashika kiuno, akasema sasa jini imekuwa magadi, kijana huyu atatuua. Nilikuwa karibu kulia, na vile uso yangu ilikuwa inakunjana wakaona ni mwigo mpya. Nikaanza upya, polepole, kama mtu anasoma kanisani. Na sasa wale wawili, wale walikuja kuona mchanga, wakaacha kucheka. Yule wa msalaba akaambia mwenzake, lakini kwa sauti ya kila mtu asikie:

"Ameshalishwa. Si unaona? Juzi alikuwa anamsema, leo anamtetea. Ni hizo mahamri."

Nikajaribu wiki nzima. Nilibeba beseni yake nikasimama nayo kwa stegi nikitangaza. Watu wa mbali walinunua, watu wa karibu wakavuka barabara. Siku ya nne akanitoa beseni mkononi taratibu, akaniambia niache, namfanya azidi kuangaliwa. Mwisho wa mwezi akaita mkokoteni. Vitu vyake vilikuwa vichache sana kwa mtu alikuwa amekaa miaka minne. Wanaume wa mkokoteni walipakia, mimi nikataka kusaidia, binti mkubwa akaninyang'anya mto bila kuniangalia.

Hospitali nilimwambia Cucu. Nilianza na magadi, kwa sababu bado nilikuwa mimi, na Cucu alicheka mpaka ule uzito wa mwisho wa kitanda ukaanza kubembea na nesi akaja mbio. Kidogo nikaona labda nitaachia hapo. Nikamwambia na ile ingine. Alitoa lile jani chini ya mto, lilikuwa limekauka limekuwa kama karatasi ya tumbaku, akanirudishia mkononi.

"Huyo ndiye alikuwa ananiosha miguu," akasema. Akageuza uso upande wa ukuta, na hakuugeuza tena mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Alirudi nyumbani na fimbo mbili. Nilikuwa nimefanya yote mzee alisema: nimetoa mchanga, nimefukia mfereji, nimebeba maji safi mpaka mabega yakaota sugu. Raba nilikuwa naoshea nje kando ya mtaro. Magugu yalikuwa yameota, na juu ya magugu nilikuwa nimepanda miche, midogo bado, vidole viwili. Cucu alipita hapo bila kusema mbaya wala nzuri. Alienda mpaka mwisho, kwa ile laini ya ukutani iliyokuwa mzima, akaegemea fimbo akaangalia dirisha la chumba cha nne. Kulikuwa kumeingia jamaa wa kuuza kadi za simu. Kwa miezi mingi baadaye alikuwa akivuna hiyo laini anaweka kando jani nne tano za chumba cha nne kwa kikapu, halafu anakumbuka, anazirudisha kwa zingine. Hakunifanyia makusudi. Ilikuwa mazoea ya mkono.

Mwaka uliofuata nikamwona yule mama wa mahamri. Nilikuwa River Road na raba zangu shingoni, nimeenda kununulia Cucu mbegu ya spinachi kwa yule mzee wa koti. Yeye alikuwa ameketi nje ya duka la binamu yake wa kuuza vitambaa, na beseni mbele yake, na leso ile ile, na foleni. Foleni ya ukweli, makarani na wabeba mizigo. Nikataka kuvuka upande mwingine. Akaniona kabla miguu ikubali.

Akaniita. Akauliza Cucu, akauliza kama mguu unamsumbua wakati wa baridi, akauliza mboga. Nikamwambia zimerudi, na nikamwambia zile za ukutani Cucu haachi mtu mwingine avune. Akatabasamu kwa hiyo. Nikasema tena pole, ya mara ya sijui ngapi, na nikaongeza kwamba nilikuwa mtoto, nilikuwa nataka tu watu wacheke. Alihudumia wateja wawili kwanza. Halafu akafunika beseni, akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira kabisa:

"Maneno ya majini hayakuniuma sana, mwanangu. Kwetu tunataniana makubwa kuliko hayo. Lakini asubuhi ile ulipita mlangoni kwangu kwanza. Nilikupa mahamri mawili ya moto na kikombe cha chai, kwa kuwa nyanya yako hayupo na nilijua hujala. Ukala ukamaliza, ukasema asante mama, ukachukua mtungi ukaenda bombani. Hilo ndilo nimejaribu kulisahau, na bado."